Maji ya Jumapili

Tangu aolewe, Elinami hakuwahi kukaa na mama mkwe wake siku nzima bila kusikia habari za maporomoko ya Kilema. Bi Hedwiga alikuwa na vingi vya kujivunia: kahawa ya kwao, ndizi za kwao, parokia ya kwao, hata ukungu wa kwao. Lakini maporomoko ndiyo yalikuwa silaha yake kubwa. Akija Arusha kumtembelea mwanawe Ndesanjo pale Themi, akapewa chai, atasema chai ni nzuri sana, ila maji ya mjini mazito. Kwao maji yanashuka kutoka kwenye mwamba mrefu kupita mnara wa kanisa, na wazungu wanapanda ndege kuja kuyapiga picha. Kisha anamgeukia Elinami na kumuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Na kwenu huko Akheri, Mama Brian, kuna nini?"

Elinami ni mtu wa maabara. Kazi yake ni kuinamia darubini na kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amekuzoea. Uvumilivu ulimwishia sikukuu ya Pasaka, mbele ya ukoo mzima, sahani ya nyama mkononi. "Poromoko lenu, Mama, lina kibao na mlinzi wa getini," alisema. "Sisi tunayo matatu kwenye mto mmoja, na hayana hata njia. Anayetaka kuyaona anapita humo humo mtoni."

Wifi yake Fransiska, mdogo wake Ndesanjo, mwanamke mwenye ulimi usiojua likizo, alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Wifi, hiyo ni michirizi ya bati."

"Njooni muone."

Hapo ndipo alipojifunga mwenyewe. Katikati ya Septemba Bi Hedwiga alishuka kwenye basi la Moshi na begi dogo, na ndani ya begi kulikuwa na viatu vya mpira vya shambani vilivyooshwa vikang'aa. "Nimekuja kuona michirizi," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Tukiacha mizaha, jambo lenyewe lilikuwa zito kwa Elinami. Wakati wa posa kuna mjomba mmoja wa Kilema aliyeuliza, wala hakunong'ona, kwa nini kijana atoke kwenye mlima mkubwa aende kuoa kwenye mlima mdogo wa Akheri. Watu walicheka, mahari ikapokelewa, maisha yakaendelea. Lakini Elinami hakusahau. Alikuwa akitaka, mara moja tu maishani, kitu cha Akheri kimnyamazishe Bi Hedwiga. Na kitu hicho alikuwa anakijua. Kilikuwa ni Kanzu.

Kanzu lilikuwa poromoko la tatu, la juu kabisa. Yeye na watoto wenzake ndio waliolipa jina hilo, kwa sababu maji yake yalishuka meupe na mapana kutoka mabegani mwa mwamba mpaka chini, bila mkunjo. Chini yake lilikuwepo Mapacha, la mikondo miwili, na chini kabisa Mtoto, lililoishia kiunoni. Usiku akikosa usingizi, hata huku mjini, Elinami aliweza kusikia sauti ya kila moja kichwani mwake.

Walichagua Jumamosi, maana Bi Hedwiga haachi misa ya Jumapili hata akiwa na homa. Ndesanjo alishikwa na kazi, au alisema ameshikwa na kazi; mwanamume mwenye akili hasimami katikati ya mama yake, dada yake na mke wake kwenye korongo lisilo na njia. Elinami akampigia simu mama yake pale Akheri kumwambia kwamba atakuja na wageni kula chakula cha mchana. Habari za mto hakumtajia. Alitaka wafike mezani wakiwa wameshaona.

Waliacha gari kwenye daraja, wakashuka ubavuni mwake wakishika majani ya magugu, na kuanzia hapo hapakuwa na njia tena. Elinami alitangulia. Aliwaonyesha mawe ya kukanyaga na mawe ya kukwepa, yale ya kijani yanayomwangusha mtu kabla hajajua ameanguka. Aliwaonyesha upupu kabla haujawaonyesha wenyewe. Bi Hedwiga alifunga khanga juu ya suruali ya mazoezi, akapanda kama mtu anayekwenda shambani kwake, bila haraka na bila kupumzika. Aliyeteseka ni Fransiska, ambaye alikuja na raba nyeupe mpya. Alikuwa anaruka kutoka jiwe hadi jiwe huku amenyanyua mikono, akiomba radhi kwa kila tope alilolikanyaga.

"Wifi, mto wenyewe uko wapi?" aliuliza baada ya muda. "Mbona tunatembea kwenye mawe tu?"

Swali hilo Elinami alikuwa ameshajiuliza kimoyomoyo. Kati ya mawe palikuwa na vidimbwi, na kati ya vidimbwi maji membamba yaliyojificha chini ya majani makavu. "Ni kiangazi," alijibu. "Huko juu yapo."

Walipofika Mtoto, maji yalikuwa yanadondoka. Hayakumwagika, yalidondoka, tone baada ya tone, kutoka kwenye ukoga wa mwamba hadi kwenye kidimbwi chenye vyura. Fransiska alikinga kiganja, akasubiri kijae, akachoka. "Hili ndilo la ngapi?"

"La kwanza. Ndilo dogo."

"Nimeliona udogo wake."

Njia ya kwenda Mapacha ilikuwa mbaya zaidi. Ilibidi wapande ukingoni wakishika mizizi, wavuke mti ulioanguka, washuke tena. Elinami alimpa mama mkwe wake mkono kila penye shida, na Bi Hedwiga aliupokea bila neno. Elinami alikuwa anasikiliza. Mapacha alilijua kwa mlio wa vinywa viwili, kimoja chembamba kimoja kinene, na mlio huo ungekuwa umeshawafikia. Kilichosikika ni ndege tu, na raba za Fransiska.

Mapacha lilikuwa kavu. Mikondo yote miwili ilikuwa imebaki michirizi miwili myeusi kwenye jiwe, na Fransiska, baada ya kuisema michirizi tangu Pasaka, aliona aibu kurudia neno hilo. Aliinama kufunga kamba za raba. Hilo lilimuuma Elinami kuliko utani.

Kwa nini hakugeuka hapo? Kwa sababu mtu mwenye kiburi cha kwao haamini macho yake mara ya kwanza. Alijiambia pengine maji yanapita chini ya mawe, pengine Kanzu liko hai, Kanzu haliwezi kukauka. Akawapandisha tena mpaka korongo likafunguka na mwamba ukasimama mbele yao, mrefu, mpana, mtupu. Majani makavu yalikuwa yamejikusanya mahali ambapo utotoni aliogelea. Mjusi alikuwa anaota jua katikati ya kifua cha Kanzu.

Fransiska alikwenda akaweka kiganja kwenye jiwe. "Ni jiwe zuri sana, wifi," alisema, na safari hii alikuwa anajaribu kwa dhati kusema jambo jema.

Bi Hedwiga alisimama, mikono nyuma, akautazama mwamba tangu juu mpaka chini. Elinami alisubiri ile sauti ya upole. Alikuwa tayari kuipokea, maana aliistahili. Lakini mama mkwe alimgeukia akasema, "Basi, tumeona, mwanangu. Twende tukale." Alikuwa anamwonea huruma, na hapo Elinami alitamani ardhi ipasuke.

"Pumzikeni hapa kidogo," alisema. Akashika mzizi wa kwanza, akapanda ubavuni mwa mwamba peke yake kabla machozi hayajaonekana.

Juu ya Kanzu ndipo alipoyakuta maji. Yalikuwepo yote, mengi, baridi, yakishuka kutoka msituni kwa kelele zake za siku zote. Yalifika kwenye banio, yaani mahali mto unapozibwa ili maji yaingie mferejini. Ukuta wa mawe ulikuwa umekatiza mto, ukakandikwa udongo na kukazwa kwa vigogo vya migomba, na maji yalipofika hapo yaligeuka upande kwa utulivu, yakaingia kwenye mfereji ulioshika ubavu wa mlima kuelekea mashambani. Mtoni hakikubaki hata cha kumnywesha ndege.

Elinami aliujua mfereji huo tangu azaliwe. Alikuwa ameoshea vyombo humo, lakini hata siku moja hakuwa amefikiria kwamba mfereji na mto ni maji yale yale.

Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Kigogo cha katikati cha mgomba kilikuwa kimewekwa kwa namna ambayo hata mtoto angeona kwamba kikivutwa hicho, ukuta unafunguka na maji yanarudi nyumbani kwao. Ingetosha kuvuta mara moja. Kanzu lingevaliwa, Fransiska angepiga picha, mama mkwe angenyamaza, kisha angekirudisha kigogo na hakuna ambaye angejua. Alipiga magoti kwenye tope, akakishika kwa mikono miwili.

"Usiguse."

Bi Hedwiga alikuwa amesimama nyuma yake, khanga imechanika pembeni, anahema. Alikuwa ameupanda mwamba ule peke yake katika umri wake, kwa viatu vya mpira.

"Ni zamu ya mtu," alisema. "Huko chini kuna mtu ameshika jembe anayasubiri. Hata kwetu, ukigusa maji ya zamu ya mwenzako unaitwa mbele ya ukoo."

Elinami alikiachia kigogo. Uso ulimwaka. Tangu aolewe alikuwa ametaka kumwonyesha huyu mama heshima ya kwao, na sasa amekutwa magotini kama mwizi wa maji. "Nilitaka tu ulione, Mama," alisema. "Lilikuwepo. Nakuapia lilikuwepo."

Bi Hedwiga alikuwa ameinama anautazama ukuta. Alipitisha vidole kwenye mawe, akagonga moja, akajaribu kulitikisa jingine, likakataa. "Nani alijenga hapa?"

"Baba. Yeye na wenzake. Mafuriko yalichukua banio la zamani, wakajenga hili."

"Mzee Gerson." Alimjua marehemu siku ya harusi tu. "Hakuniambia kama ni mtu wa mfongo." Neno hilo la Kichaga la mfereji alilitamka taratibu, halafu akakaa juu ya jiwe, akavua viatu, akatia miguu majini. "Baba yangu pia alikuwa mtu wa mfongo. Sisi wasichana tulikuwa tunawapelekea chakula, tunakiweka kwenye kona, tunarudi. Mwanamke hafiki kwenye kinywa cha mfongo, walisema maji yatakasirika. Nimekunywa maji ya mfongo ule mpaka nikazeeka, Mama Brian. Sijawahi kuona yanakoanzia."

Walikuwa bado wamekaa hivyo, mtu na mkwewe, miguu majini, waliposikia hatua kwenye kingo za mfereji. Aliyekuja alikuwa amevaa koti la kiume lililomzidi na amebeba jembe begani. Elinami alilitambua koti kabla ya mtu. Lilikuwa la baba yake, na ndani yake alikuwa mama yake.

"Elinami? Unafanya nini huku na mgeni?" Mama Elihuruma alishusha jembe, akamsalimia mkwe mwenzake kwa mikono miwili, akamtazama miguu, akamrudia binti yake. "Umeniambia unamleta mama kula. Hukuniambia unampitisha mtoni."

"Nilikuwa nawapeleka Kanzu, Mama. Limekauka."

"Limekauka wapi? Leo si Jumamosi?"

Elinami alimtazama asielewe, na mama yake akaanza kucheka, kile kicheko cha mzazi aliyegundua mwanawe mwenye shahada hajui jambo la nyumbani. "Wewe mtoto. Mlikuwa mnakuja huku siku gani?"

Alifikiri. Walikuwa wanakuja wakitoka kanisani, na nguo nzuri wamezificha kwenye majani. Siku nyingine za wiki kulikuwa na shule, na Jumamosi kulikuwa na shamba.

"Jumapili hakuna anayemwagilia," mama yake alimweleza Bi Hedwiga, kana kwamba binti hayupo. "Tangu zamani za wamisionari. Wiki nzima maji ni ya watu. Jumapili mto unaachiwa ya kwake. Huyu ameuona mto ukiwa umevaa nguo za kanisani tu, akadhani ndivyo unavyoshinda kila siku." Akapangusa macho kwa mkono wa koti. "Zamu ya mwisho ya wiki ni yangu. Nimemaliza sasa hivi, nimekuja kufungua."

"Unafungua wewe?" Bi Hedwiga aliuliza. "Wewe mwenyewe, hapa kinywani?"

"Gerson alipofariki, kamati ilisema zamu yake apewe kijana wetu Elihuruma. Nikawauliza, Elihuruma yuko Dodoma, atamwagilia kwa simu? Siku ya kusafisha mfereji nikaja na jembe lake na koti lake, nikasimama pale anaposimamaga, nikachimba na wanaume mpaka jioni. Hakuna aliyenirudisha. Na maji hayajakasirika mpaka leo, unayaona."

Elinami alijua kwamba mama yake anamwagilia. Alijua kama mtu anavyojua mambo ya nyumbani kwa simu, habari za kuku, habari za mvua. Hakuwahi kumwona hapa. Alimtazama sasa, mwembamba ndani ya koti lile kubwa, miguu imepasuka visigino, amesimama kwenye mawe ya mume wake kama mwenye nyumba mlangoni kwake. Alijivunia mama yake. Alijivunia kuliko alivyowahi kujivunia maji yoyote, na akaona haya kwamba alikuwa amesafiri na wageni kuja kuwaonyesha jiwe.

Mama Elihuruma alimnyooshea mkwe mwenzake mkono. "Njoo ushike upande huu, dada. Kigogo hiki kizito kwa mtu mmoja." Haikuwa kweli, kila Jumamosi alikivuta peke yake. Halafu akamwambia binti yake, "Wewe nenda chini ukakae na wifi yako. Si mlikuja kuangalia? Nendeni mkaangalie."

Elinami alishuka huku anateleza. Alimkuta Fransiska amekaa kwenye kivuli anafuta raba zake kwa jani. "Wifi, mama yuko wapi? Nimemwita mpaka nimechoka."

"Simama huku pembeni," Elinami alimwambia. "Toa simu yako."

Kwanza hakukuwa na kitu. Kisha mjusi aliyekuwa kifuani mwa mwamba alikimbia. Ikaja harufu, ile ya vumbi likiguswa na maji, na huko juu sauti ikaanza, ndogo, ikikua. Maji ya mbele yalitokea ukingoni yakiwa machafu, yanasukuma majani na vijiti, yakasita kidogo kana kwamba yanapima urefu, yakadondoka. Nyuma yake yakaja mengine, na mengine, kahawia, kisha kijivu, kisha yakaanza kuwa meupe. Yalienea kutoka bega moja la mwamba hadi jingine. Majani makavu ya kidimbwini yalinyanyuka, yakazunguka, yakaondoka. Upepo wa maji uliwapiga usoni, baridi, na Kanzu likasimama mbele yao zima, bila mkunjo, kama Elinami alivyoapa.

Fransiska alikuwa ameinua simu, lakini alisahau kuibonyeza. Maji yalishafika juu ya raba zake, na hakuzitazama. "Wifi," alisema tu. Mwanamke yule, na ulimi ule, hakupata neno la pili.

Elinami alilia bila kujificha. Hakulia kwa sababu ameshinda, ingawa alikuwa ameshinda. Alilia kwa sababu alipoinua macho aliwaona juu kabisa, pembeni ya maji yanapoanza kuanguka, wanawake wawili wenye tope mpaka magotini. Mmoja amevaa koti la marehemu. Mwingine alikuwa ameegemea jembe la Gerson kana kwamba ni lake tangu zamani, anatazama kazi ya mikono yake.

Walipofika nyumbani, loshoro ilikuwa mezani, mahindi laini na maziwa ya mgando, na Bi Hedwiga alikula bakuli mbili bila kulinganisha na chochote. Katikati ya bakuli la pili Ndesanjo alipiga simu kwa Fransiska kuuliza kama wapo salama. Mama yake aliinyang'anya simu. "Nimefika kinywani," alisema kwa Kichaga, na Ndesanjo akauliza kinywani mwa nini, na mama akasema hana muda, anakula.

Krismasi ukoo ulikutana Kilema. Elinami alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi na wanawake wenzake, wanaume wamekaa karibu na moto wa nyama, na yule mjomba wa siku ya posa alikuwa ameshakunywa vya kutosha kuwa mchangamfu. Alisimulia maporomoko. Alisimulia wazungu. Mwishoni alimgeukia, kama ilivyo desturi ya nyumba ile, akamuuliza, "Na huko Akheri, mkwe, kuna nini?"

Elinami alifungua mdomo, lakini hakupata nafasi. Bi Hedwiga alikuwa ameshaweka kisu chini na anafuta mikono kwenye khanga, ile ile iliyochanika pembeni, ambayo hakukubali ishonwe.

"Kaa vizuri," alimwambia mjomba. "Nikueleze habari za kwetu Akheri."

Elinami akachukua ndizi nyingine, akaendelea kumenya.